Uanze na deni dogo au lenye riba kubwa?

Warumi 13:8 inasema tusiwiwe na mtu chochote. Haisemi tuanze na nani. Tuseme unadaiwa 60,000 dukani bila riba, 300,000 za kikundi kwa riba ya 3% kwa mwezi, na 200,000 za mkopo wa simu kwa 10%. Kila mwezi unabakiwa na 100,000.

Kwa gharama, riba kubwa kwanza inashinda. Ukimalizana na duka kwanza, salio la simu linabaki juu kwa 60,000, na mwezi unaofuata riba yake inazidi kwa 6,000. Hela ya unga hiyo.

Kwa uvumilivu, deni dogo linashinda: mwezi mmoja tu, jina limefutwa kwenye daftari na unapita dukani bila kuzunguka uchochoro. Hatari yake ni kukopa tena palepale.

Una mkono mwepesi wa kukopa? Anza na dogo. Una nidhamu na mshahara wa uhakika? Anza na simu. Ila ujira wa kibarua aliyekufanyia kazi usiupange foleni. Walawi 19:13 haiupi hata usiku mmoja.