Boss, Destroyer, Tern na Valkyrie: hizi diski nne za disc golf nimezirusha zote Malimbe, hii ndo inayoenda mbali kwa mkono wa kawaida

Wakuu ngoja nianzie kwenye dagaa. Jumamosi moja mchana tuko Malimbe, ufukweni hapa Mwanza, mi na shemeji, nikarusha Boss kwa nguvu zangu zote kufuata ufukwe, ziwa likiwa kulia kwangu, ikaenda vizuri nikaanza kushangilia kabisa, alafu ghafla ikalala kushoto ikashuka paaa katikati ya dagaa za mama mmoja zilizoanikwa. Nikakimbia huku shikamoo inatangulia. Mama akaitikia marahaba, akaiokota akaigeuza geuza, akaniuliza "Mwanangu, sahani yenyewe haina hata kina, mnakulia nini humu?" Nikanunua dagaa za buku mbili, yaishe.

Sasa hiyo kulala kushoto ndo habari yenyewe. Hizi ni diski za disc golf, ule mchezo wa kurusha hadi kwenye kikapu cha minyororo, na hizi nne ni draiva za masafa, yani za kurusha mbali. Zote za kampuni ya Innova, aina ya plastiki inaitwa Star, gramu 170 hadi 175, kaniletea binamu alivyokuja likizo toka Marekani. Hapa mjini nilishazunguka maduka ya vifaa vya michezo nikaishia kuonyeshwa frisbii za watoto, ile ni kitu kingine kabisa, haina ukingo mkali kama hizi.

Kampuni inaipa kila diski namba nne: spidi, kuelea, kupinda mwanzoni na kuvuta mwishoni. Boss ni 13, 5, -1, 3. Destroyer 12, 5, -1, 3. Tern 12, 6, -2, 2. Valkyrie 9, 4, -2, 2. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha bakihendi (mkono unaanzia upande wa kushoto wa kifua), diski ikiwa bado na kasi inataka kupinda kulia, na kasi ikipungua inavuta kushoto. Sababu ni kwamba kasi ikiisha hewa inaanza kuinua pua ya diski, ila kwa kuwa inazunguka, haiinuki, inalala pembeni. Ukishaelewa hilo hizo namba zinasomeka: ya tatu ikizidi kushuka chini ya sifuri inapinda zaidi, ya nne ikiwa kubwa inavuta zaidi.

Kosa nililofanya (na naona wengi tutalifanya) ni kuona 13 nikajua ndo ya mbali kuliko zote. Si uongo, David Wiggins Jr. aliweka rekodi ya dunia ya mita 338 mwaka 2016 na alirusha Boss, tena nyepesi na upepo ukiwa mgongoni. Lakini ile spidi 13 haikuongezei kasi yoyote, inakwambia tu mkono wako uwe na kasi kiasi gani ndo diski ifanye inachotakiwa. Ukingo wa Boss ni mpana hadi kidole kinatafuta pa kushika, na mkono ukiwa wa kawaida kama wangu ile hatua ya kupinda kulia hautaiona kabisa, inaruka moja kwa moja kwenye kuvuta kushoto. Kwenye dagaa.

Tulipima asubuhi mapema kabla upepo wa ziwa haujaamka, kila diski mara kumi, tukahesabu kwa hatua zangu. Boss ilinipa kama 61, Destroyer 64, Tern 72, na Valkyrie, hiyo hiyo ya spidi 9 ambayo niliiweka chini kabisa ya begi, 78. Nilirudia kesho yake maana sikuamini, majibu yale yale. Valkyrie ukiitoa flati, yani imelala sambamba na ardhi, inapinda kidogo kulia, inanyooka, inaelea, alafu inarudi taratibu, kwa juu inachora kama herufi S iliyonyooshwa. Inapendeza hadi watoto wa pale wanaacha mpira wanaangalia.

Alafu shemeji akachukua zamu. Shemeji ni fundi magari, mkono wake sio wa kawaida, na ni wa mashoto kwahiyo kwake kila kitu kinageuka, inapinda kushoto inavuta kulia. Valkyrie mkononi mwake iligeuka ikasimama wima ikabiringika chini kama ringi ya baiskeli. Destroyer sasa, hatua 99, Boss 96. Diski zile zile, saa ile ile. Kwahiyo mtu akikwambia Destroyer ni bora kuliko Valkyrie muulize kwanza ni kwa mkono wa nani.

Mchana mambo yanabadilika. Upepo unaingia toka ziwani, na ukirusha kuuelekea, diski inajiona kama ina kasi zaidi ya ile uliyoipa, Tern na Valkyrie zote zinageuka zinaanguka. Hapo ndo nimeiheshimu Destroyer, haitikisiki, upepo usoni inaenda kama imewekewa reli. Upepo ukiwa mgongoni ni kinyume, inawahi kuvuta, bora Tern. Na kumbuka ziwa letu lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko Dar, kwahiyo zote zinawahi kuvuta kidogo.

Kuhusu kudumu, Mwanza ni mawe tu mnajua. Valkyrie yangu imegonga jabali mara moja ukingo ukang'oka kipande kidogo, ukipitisha kidole gumba unahisi kama jino la msumeno, nimelainisha na msasa. Star inavumilia lakini. Plastiki ya DX ni ya bei rahisi zaidi ila inachakaa haraka, na draiva inavyochakaa inazidi kupinda, kwa mkono dhaifu hiyo sio hasara hata.

Kama unaanza agiza Valkyrie, ikiwezekana ya gramu 150 na kitu, au Tern kama umeshazoea. Boss yangu nauza.

Destroyer siuzi kwa sababu haipo. Shemeji aliirusha mara ya mwisho jioni moja, ikaenda, ikaenda, ikavuta kulia, yani ziwani, na diski ya gramu 175 haielei hata sekunde. Kijana wa mtumbwi akataka elfu tano azamie, shemeji akasema hela anayo ila kichocho hana mpango nacho wala hamtakii mtoto wa mtu. Ni ya rangi ya chungwa, ikiingia kwenye wavu wa mtu jueni sio sahani.