Kampuni ya kuskani mafaili ya bima: nyota tatu, na sababu zangu

Zahanati yetu iko Temeke, na madai ya bima ninashughulika nayo mimi. Stoo ilijaa maboksi 38 ya nakala za fomu: jina la mgonjwa, namba ya kadi, ugonjwa, dawa, sahihi. Masika yakaloanisha maboksi matatu, bosi akasema tafuta watu waskani haraka. Hawa nilielekezwa. Jina lao siliandiki, maana mengi niliyolalamikia waliyarekebisha.

Kwenye kuskani kwenyewe sina neno. Pini walizing'oa mojamoja bila kuchana karatasi, kisha wakarudisha kila fomu mahali pake. Hata mwandiko wa daktari wetu aliyestaafu unasomeka, na huo mfamasia alikuwa anaukisia. Siku tisa, shilingi 120 kwa ukurasa.

Sasa tuje kwenye usiri.

Siku ya kwanza walikuja na kirikuu, wabebe maboksi yote kwenda ofisini kwao. Juu turubai, nyuma wazi. Nikagoma. Mniite mbishi, ila niliwahi kununua maandazi stendi yakafungwa kwenye karatasi ya majibu ya maabara: jina kamili la mtu, umri, kipimo cha kaswende. Niliisoma yote kabla sijajistukia. Tangu hapo sitaki kusikia habari ya karatasi za wagonjwa kutoka nje ya geti. Na sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo zikivuja, wa kuulizwa ni zahanati, siyo dereva wa kirikuu.

Wakakubali kufanyia kazi kwetu, chumba cha chanjo cha zamani, kompyuta bila intaneti. Simu nikazikusanya kwenye beseni asubuhi. Siku ya tatu skana ikakwama, namkuta kijana anapiga fomu picha kwa simu ya pili ambayo hakuitoa. "Dada, ni moja tu." Nikamsimamia akaifuta, pamoja na kwenye lile folda la vilivyofutwa. Msimamizi wake alipiga kuomba radhi, kesho yake akaleta kijana mwingine.

Kilichoniuma zaidi ni siku ya makabidhiano. Diski imefungwa kwa paswedi, vizuri kabisa, halafu paswedi yenyewe wameiandika kwa maka pen juu ya diski hiyohiyo! Naifungua, kila faili limepewa jina la mgonjwa na ugonjwa wake. Yaani hata usifungue fomu, ukipitisha macho tu kwenye orodha unajua nani anatumia ARV. Niliwarudishia, wakabadilisha yote yawe namba tupu, na daftari la kuoanisha namba na majina nikabaki nalo mimi, kabatini. Iliwachukua siku nne, hawakunidai hata senti.

Nikawauliza pia kuhusu kumbukumbu ya ndani ya skana, kwa sababu mashine nyingine hubaki na nakala ya ulichopitisha. Msimamizi akacheka, halafu akaacha kucheka. Aliifuta mbele yangu, akaniandikia barua yenye mhuri.

Januari tutawaita tena kwa mafaili ya wajawazito. Beseni la simu nimeshanunua jipya, lina kifuniko.