Malindi kwa pikipiki ya kukodi: maoni ya aliyekaa nyuma

Mkiwa wawili na mnataka kuizunguka Malindi kuanzia asubuhi hadi magharibi, kodini pikipiki. Tuktuk inafaa ndani ya mji, lakini ukitaka kwenda Gede, urudi, kisha uvuke mto Sabaki hadi Mambrui, nauli inapanda na kila ukisimama kutazama kitu unajua kuna mtu anakungoja. Sisi tulichukua pikipiki aina ya Boxer 150 ya siku nzima. Mume wangu aliendesha, mimi nikapanda nyuma, na haya nayaandika hasa kwa wanaopanda nyuma, maana sisi hatuulizwi.

Pikipiki ilikuwa nzima. Breki zilishika, cheni haikulegea, tairi zilikuwa na meno, na kiti kilikuwa kirefu chenye sponji ya kutosha, hata matuta ya barabara ya Mombasa hayakunivunja mgongo. Kilichoniudhi ni helmeti. Ya mume wangu ilikuwa safi. Yangu haikuwa na mkanda wa kidevuni. Mwenye pikipiki akaniambia, "Dada, mnaenda hapa karibu tu, haina neno." Ina neno sana. Sheria ya Kenya inamtaka abiria avae helmeti na rifleta sawasawa na dereva, na helmeti isiyofungwa huchomoka kichwani pale pale unapoihitaji. Tulikataa kuondoka mpaka ikaletwa nyingine. Alituma kijana, ikaja, ikanikaa vizuri, na bwana huyo hakutununia. Lakini kwa nini ya dereva iwe tayari na ya abiria itafutwe?

Gede tuliiweka mwanzo, kilomita 16 hivi kusini mwa mji, kabla jua halijawa kali. Mji huu wa mawe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, na unastahili. Ndani ya miti utaona msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima virefu, na nyumba zilizopewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa humo, kama Nyumba ya Mkasi. Msiache chakula kwenye pikipiki, kima wa pale ni wepesi.

Mjini Malindi, nguzo ya Vasco da Gama tuliipitia upesi. Kila mgeni hupigwa picha pale. Mimi nilikaa zaidi kwenye makaburi ya nguzo kando ya Msikiti wa Juma, kwa sababu yanaeleza Malindi ilivyokuwa kabla ya Mreno huyo kutia nanga mwaka 1498. Huu ndio mji uliopeleka twiga kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415. Pikipiki ilitufaa sana hapa. Vichochoro vya mji wa kale havina nafasi ya kuegesha gari.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni daraja la Sabaki. Juu ya pikipiki hakuna kioo, upepo wa bahari unakupiga ubavuni na harufu ya tope unaipata kabla hujayaona maji. Mto ni uleule Athi unaoanzia bara, ukaitwa Galana, na hapa ukawa Sabaki. Umebeba udongo mwekundu safari nzima. Ndiyo maana bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai wakati wa mvua, na ndiyo maana pwani ya mbele ya mji imezidi kupanuka kwa mchanga. Wageni hulalamika kuwa maji si ya buluu. Wakisimama darajani wataelewa, na nadhani wataipenda zaidi. Ila ukiwa nyuma mshike dereva barabara, upepo wa pale si mchezo. Mambrui tulinunua madafu, tukaliona kaburi la zamani lililopambwa kwa bakuli za kaure za Uchina, tukageuza.

Baada ya alasiri tulikuwa Buntwani, kwenye bustani iliyotengenezwa mbele ya bahari. Hapa ndipo utaona mji umeinuka. Akina mama wamekaa na watoto, vijana wanapiga picha, viazi karai na ukwaju viko karibu. Nilimsalimia mzee mmoja, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba mwanangu, kaa, upepo ni wa wote." Nilifurahi sana kuona upande wa bahari una wenyeji wamejaa, si wageni wa hotelini peke yao.

Pikipiki tuliirudisha kabla ya giza, ikakaguliwa mbele yetu, na amana yetu tukapewa yote. Marafa, kwenye korongo la rangi nyingi, hatukwenda makusudi. Rangi za lile korongo, ambalo Wagiriama huliita Nyari, hutoka vizuri jua linapokaribia kuzama, na mimi sikubali kurudi usiku kwa pikipiki kutoka kule. Mkiitaka Marafa, kodini siku mbili na mtafute pa kulala hukohuko.