Rivyuu: ajenti wa kusafirisha michoro Industrial Area, wanapaki vizuri lakini bili ni noma

Watu wa studio mmeniuliza sana hawa jamaa wenye wanapaki na kutuma kazi za sanaa nje wako aje, basi wacha niandike mara moja tumalizane. Jina naliacha juu sitaki vita. Kwa kupaki nawapa tano kwa tano, kwa bei na karatasi nawapa mbili, na hiyo ya pili nimewaonea huruma.

Nilikuwa na michoro mitatu ya akriliki, yote size ya sentimita 120 kwa 100, inaenda maonyesho ya pamoja Berlin. Fundi wao hana haraka. Alipiga picha kila kazi mbele, nyuma na kila pembe, akaandika kwa fomu mahali rangi ilikuwa na mkwaruzo, nikasaini. Akafunga kwanza na ile karatasi laini haishiki rangi, ndio akaweka plastiki ya mapovu, na mapovu yakiangalia nje, kwa sababu yakiangalia ndani joto likipanda yanaacha viduara kwa mchoro (hii nimeona ikiharibu kazi ya mtu hapa hapa Nairobi). Kifuniko cha kreti, lile sanduku la mbao la kusafirishia, ni skrubu si misumari, ndiyo mwenye atafungua huko aweze kurudisha kazi kwa kreti ile ile. Na mbao ziko na muhuri wa IPPC, ule wa kuonyesha zimepashwa joto mpaka katikati ya mbao ikafika digrii 56 kwa dakika 30, wadudu wote kwisha. Fundi wa Gikomba atakutengenezea kreti poa kwa bei ya chini sana, sikatai, lakini akitumia mbao mbichi bila huo muhuri mzigo unaweza kuzuiwa ukifika, na hiyo gharama inarudi kwako. Plaiwudi haihitaji muhuri, kwa hivyo kama unajijengea, jenga na plaiwudi tupu hadi zile fito za kushikilia.

Sasa pesa. Kreti yangu ilitoka 135 kwa 115 kwa 22. Nikaipandisha kwa mzani, kilo 24. Nikafurahi. Mama wa ofisini akaniangalia tu akasema, "Mzani huo wacha, hapa tunapima nafasi." Hesabu yenyewe iko hivi: unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, unagawa na 6000 kama ni kago ya ndege, ama 5000 kama ni kuria (kampuni za kutuma vifurushi), halafu wanachukua kilo zenye ziko juu kati ya hizo na za mzani. Yangu ikawa kilo 57 kwa kago. Kwa kuria ingekuwa 68 na kitu. Yaani zaidi ya nusu ya mzigo wangu ilikuwa hewa na nikailipia nauli mpaka Ujerumani. Hapo si ajenti amekuibia, ndege zote zinapima hivyo, lakini kwa nini hawakuambii kabla kreti haijajengwa?? Tungepunguza hata sentimita 4 za kimo, zingekuwa kilo 10 zimetoka.

Yenye iliniuma kabisa ni storeji. Kijana wao alichelewa kupeleka karatasi eyapoti, mzigo ukalala huko, na invoisi ya mwisho ikaja na mstari wa storeji na mwingine umeandikwa "handling" wenye hakuna mtu aliweza kunieleza ni wa nini. Nilipiga simu nikaambiwa bosi yuko mkutanoni. Bosi bado yuko mkutanoni mpaka sai.

Halafu mjue hiyo ni nauli ya michoro tu, wewe mwenyewe bado hujapanda ndege. Viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukikataliwa, juu yake kuna pesa ya wale wanapokea fomu, bima ya safari yenye inafidia kuanzia yuro 30,000, na stetimenti ya benki. Hiyo stetimenti ndiyo inamaliza wasanii. Mtu wa mshahara kila tarehe 28 kuna kitu inaingia. Msanii miezi mitatu ni kavu, halafu kazi moja inauzwa, laki mbili zinaingia, kesho yake zimeenda rent, rangi na madeni. Afisa akiangalia hiyo karatasi anaona mtu hatarudi nyumbani. Na ukipata bahati kazi ikanunuliwa huko, galari inakata hata asilimia 50, na Ujerumani michoro ikiingia kuuzwa kuna ushuru wa asilimia 7, Uingereza 5. Piga hesabu ubaki na nini.

Ndiyo maana mimi swali langu la kwanza siku hizi kwa barua ya mwaliko si maonyesho yako wapi, ni nani analipa kreti. Wajukuu, lile kundi la wasanii wa Mukuru, walienda documenta, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, 2022 wakajenga mlango mzima wa mabati pale ukumbi wa documenta Halle, na ile ni shoo inapata pesa nyingi ya umma ya Ujerumani. Ukiwa na mwenyeji kama huyo, sawa, tumia ajenti mkubwa na umtumie mwenyeji invoisi. Lakini zile barua za "tumependa kazi yako Instagram, lipa yuro kadhaa tukuwekee ukutani kwa wiki moja" hata sijibu, hiyo ni kukodisha ukuta. Na serikali yetu msiitegemee sana, si mnakumbuka maonyesho ya sanaa ya Venice Biennale 2013 na 2015, banda limeandikwa Kenya na wengi wa waliotundika kazi ni Wachina, mpaka wasanii wa hapa wakapiga kelele na serikali ikajitenga.

Kama unajilipia mwenyewe, toa kanvasi kwa fremu, zungusha kwa bomba pana la plastiki la fundi wa maji, rangi ikiangalia nje, karatasi laini katikati. Bomba la sentimita 110 kwa 16 hata kwa kuria ni kama kilo 6. Fremu watakujengea huko, ni gharama ndiyo, lakini haifiki hata karibu na kreti. Rangi ya oili yenye haijakauka usijaribu, itashikana na karatasi.

Mkiamua kwenda kwa hawa jamaa bado, ombeni kwotesheni yenye ina vipimo vya kreti na storeji imeandikwa nani analipa wakichelewa, na mwongee na yule mama wa ofisini, si vijana wa simu. Mimi nina kazi mbili zinafaa kwenda Berlin tena kabla mwaka uishe, kama kuna mtu ako na zake tugawane kreti moja, nicheki inbox.