Balansi ya mfukoni ya wanunuzi wa dhahabu: mwalimu wa shimi, nunua kabisa

Ndugu walimu wa Bukavu, kama munafundisha shimi na shule haina labo, mupite soko ya Kadutu kwa wenye kuuza vitu vya elektroniki muulize balansi ndogo, ile wanunuzi wa dhahabu wanatumiaka. Yangu inabeba mpaka gramu 200 na inasoma mpaka 0,01, nililipa dola 12 kisha kubishana beyi. Kuko ingine ya gramu 500 yenye kusoma 0,1 tu, beyi yake chini kidogo, hiyo muache.

Kila mwaka naandika ubaoni ile sheria Lavoisier, mwanashimi wa Ufaransa, alitoa mu kitabu yake ya 1789, kwamba vitu vikibadilika hakuna uzito unapotea wala kuongezeka, wanafunzi wanakopi lakini unaona hawajasadiki, juu nyumbani wanaona gunia ya makala inaisha na inabaki majivu kidogo tu. Sasa na balansi hii: chupa ya plastiki ya soda, vinegre mililita 50, bikarbonati gramu 2 umeifunga mu kikaratasi. Unapima vyote pamoja na kifuniko. Ukiangusha bikarbonati chupa iko wazi, povu inapanda na namba zinashuka mbele ya macho yao, zaidi ya nusu gramu, ni gazi ya kaboniki imetoka. Rudia sasa, angusha na ufunge haraka, kaza. Chupa inavimba inakuwa ngumu, ndani kunachemka, na namba haisogei! Fungua polepole, pima tena, imepungua. Hapo darasa ilianza kubishana kabisa, mmoja akauliza basi makala ya mama inaendaka wapi, tukapiga hesabu: kaboni gramu 12 inashika oksijeni gramu 32, inatoka gazi gramu 44, yaani kile kinaruka hewani kinapita makala yenyewe kwa uzito. Swali kama hilo kwa miaka yote ya chaki na ubao sijalipata.

Musizidishe gramu 2, na chupa ya vioo hapana, inaweza kupasuka. Puto la kufunikia mdomo wa chupa pia muache: likivimba hewa inalinyanyua, hapa kwetu karibu gramu 1 kwa kila lita, balansi itasoma pungufu wakati hakuna kitu kimetoka, na mtoto ataona sheria ni ya uongo.

Ubaya wake iko. Inajizima kisha dakika moja hivi bila kuonya, kwa hiyo namba uandike palepale. Sahani ni ndogo, chupa inafunika namba, weka kifuniko cha kopo chini yake halafu bonyeza sifuri. Upepo wa dirisha tu unaichezesha. Na mbele ya kulipa beba seringe ya mililita 10 na maji, weka kikopo chepesi, bonyeza sifuri, mimina ndani, inapaswa kusoma karibu gramu 10. Muuzaji akikataa ujaribu, nenda kwa jirani yake.