Niliandika "shairi", ikaniuliza kama nilimaanisha "sharia"

Nyota moja, na hiyo ni ya majalada tu, yamepangwa vizuri.

Jukwaa lenyewe, la kutafutia vitabu mtandaoni, limeingia sokoni majuzi kwa mbwembwe nyingi: msomaji wa Kiswahili sasa atagundua vitabu ambavyo hakuwahi kuvisikia. Sawa. Nikafungua kisanduku cha kutafutia nikaandika "shairi". Vikaja vitabu viwili, na chini yake kwa herufi za buluu: "Je, ulimaanisha sharia?" Nikabonyeza kwa ubishi tu, nikapewa vitabu vya mirathi na ndoa. Nikarudi nikaandika "mashairi". Ukurasa mzima ukajaa diwani! Kumbe vitabu vilikuwamo muda wote, ila mlango wao unafunguka kwa wingi peke yake.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, na picha za skrini nikaambatanisha. Jibu: "Mpendwa mteja, mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Jaribu maneno mengine au utafute kwa Kiingereza." Jamani! Nitafute diwani ya Kiswahili, kwenye jukwaa la Kiswahili, kwa Kiingereza?

Basi kwa kuwa wao wanasema mfumo uko sawa, ngoja niwaambie ulipoharibika, maana tabia yake inajieleza. Mashine za kutafuta hupima ukaribu wa maneno kwa kuhesabu herufi za kuongeza, kufuta au kubadilisha. Kutoka "shairi" hadi "mashairi" ni herufi mbili: unaongeza m na a. Kutoka "shairi" hadi "sharia" ni mbili vilevile: unafuta i ya katikati, unaongeza a mwishoni. Kwa hesabu hiyo ni sare. Kinachoipa "sharia" ushindi ni kanuni ya pili, kwamba herufi ya kwanza lazima ifanane. Kwenye Elasticsearch, programu ya kutafutia inayotumiwa na tovuti nyingi, kipengele cha kupendekeza maneno huja na kanuni hiyo ikiwa imewashwa tayari, herufi moja ya mwanzo, kwa sababu inapunguza kazi ya mashine. Kwa Kiingereza haina madhara makubwa, wingi wao unakaa mkiani. Kwetu sisi mwanzo wa neno ndipo ngeli zinapokaa: mtoto, watoto, kitabu, vitabu, jambo, mambo. Ukifunga herufi ya kwanza umefunga nusu ya kamusi.

Na msitegemee kichambuzi cha lugha kilichokuja na programu, yaani kile kinachopunguza maneno hadi mashina yake. Elasticsearch ina cha Kiarabu, cha Kihindi, cha Kibasque, hata cha Kilatvia. Cha Kiswahili hakimo. Anayejenga lazima ashone mwenyewe, na hapo ndipo fundi mvivu huonekana.

Dawa ya haraka ni kukata viambishi, na ni dawa mbaya. Kata "wa" kila mahali uone: "watoto" inabaki "toto", vizuri, lakini "wali" inabaki "li". Kata "ma", "maji" yanakuwa "ji". Kata "ki", na riwaya inayoitwa Kiu inabaki herufi moja.

Dawa bora ni vipande vya herufi tatu tatu. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina kiongezo kiitwacho pg_trgm, ni cha bure, unakiwasha kwa amri moja. Kinalivunja neno katika vipande, kisha kinagawa vipande vinavyofanana kwa jumla ya vipande vyote tofauti vya maneno mawili. "Shairi" na "mashairi" wanashirikiana vipande 5 kati ya 11, yaani 0.45. "Shairi" na "sharia" ni 3 kati ya 11, yaani 0.27. Kizingiti chake cha kawaida, alama ya chini ya kuhesabiwa kuwa yanafanana, ni 0.3. Mmeona? Diwani zinapita, mirathi inabaki nje, bila mtu kuandika kanuni hata moja ya sarufi. Sharti moja tu: vunja kichwa cha kitabu neno kwa neno kwanza. Ukilinganisha "shairi" na kichwa chenye maneno sita, alama inashuka na kitabu kinapotea tena.

Si kwamba hakikosei. Maneno mafupi yanakishinda: "mti" na "miti" ni 0.29, wanabaki nje kwa unywele. "Jicho" na "macho" ni 0.2, na "jino" na "meno" ndio usiseme. Kwa hayo unaandika orodha kwa mkono, neno na wingi wake. Ni kazi ya siku chache kwa mtu mmoja mwenye kamusi na kikombe cha chai. Siku chache! Badala yake wametengeneza beji za dhahabu za kumpa anayesoma vitabu kumi.

Mengine nayataja kwa kupita. Kichujio cha lugha, ukichagua Kiswahili, kinaleta riwaya za Kiswidi. Msimbo wa Kiswahili ni sw na wa Kiswidi ni sv, au swa na swe kwa herufi tatu, na mtu kachanganya wakati wa kupakia. Fomu ya kuongeza kitabu inadai ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ya tarakimu 13. Zilianza mwaka 2007, vitabu vya nyuma vina 10, na vya kabla ya miaka ya 1970 havina kabisa, kwa hiyo machapisho mengi ya enzi ya uhuru hayaingii kamwe. Ukiwa na namba ya tarakimu 10, toa tarakimu ya mwisho, weka 978 mbele, kisha zidisha tarakimu zote 12 kwa 1 na 3 kwa zamu na ujumlishe. Kinachopungua kufikia kumi inayofuata ndiyo tarakimu yako ya mwisho, na kama hakipungui kitu ni 0. Fanya hesabu hiyo kwa mkono, kwa sababu kisanduku hakiifanyi, na kikikuta X mwishoni kinakuambia namba ni batili. X ni halali, inasimama badala ya 10.

Majina ya waandishi ndiyo yaliyonirudishia hasira. Zanzibar ina Mohamed Said Abdulla, ina Mohamed Suleiman Mohamed, ina Said Ahmed Mohamed. Ukilazimisha mtindo wa jina la mwisho kwenda mbele, wawili wanakuwa "Mohamed" na herufi kadhaa, na humu wamelundikwa ukurasa mmoja. Kiu ya mwaka 1972 ni ya Mohamed Suleiman, lakini hapa iko chini ya Said Ahmed. Majina yetu hayageuzwi. Mpe kila mwandishi namba yake, ufunge Mohamed, Mohammed na Muhammed zote kwenye namba hiyo, basi.

Haki nayo isemwe. Jukwaa ni jepesi mno, kwenye simu ya bei ndogo lilifunguka bila kunimalizia bando. Kuskani mistari iliyo nyuma ya kitabu kunakubali hata kwenye mwanga hafifu. Na matoleo ya kitabu kimoja wameyaweka pamoja, jambo ambalo majukwaa makubwa zaidi hulikosea. Aliyefanya sehemu hiyo anajua kazi. Kwa ajili yake nyota tatu.

Nilikuwa naelekea kubonyeza hizo tatu, nikasema nijaribu neno moja la mwisho. "Tenzi": orodha ndefu. "Utenzi": kitabu kimoja. Nikafuta nyota mbili palepale. Halafu nikaona maandishi ya buluu: "Je, ulimaanisha utendi?" Sasa hapo niseme nini? Utendi ni utenzi uleule kwa lahaja za kaskazini, Lamu na kwingineko. Herufi moja imetofautiana katikati, ya kwanza imefanana, mashine ikabahatisha ikapatia. Nikabonyeza. Vikatokea vitabu vitatu, na kimojawapo nilikuwa sikijui.

Nyota mbili.