Msimu wa Nane wa Game of Thrones: Mwisho Ulionyimwa Nafasi

Vipindi viwili vya mwisho vya Game of Thrones, tamthilia ya televisheni ya Marekani, vilitoka Mei 2019, ndani ya mwezi wa Ramadhani, na kwa kuwa vilirushwa hapa Kenya sambamba na Marekani, yaani saa kumi alfajiri ya Jumatatu, wengi wetu wa Mombasa tulivitazama huku tukila daku. Kila kimoja kilikaribia dakika 80, kwa hivyo adhana ya Alfajiri ilitoka hadithi ikiwa bado katikati, na aliyetaka kuiwahi sala ya jamaa ilimbidi auache mji ukiteketea kwenye skrini. Usiku wake, baada ya tarawehe, kahawa ilinywewa barazani kwa manung'uniko. Sasa kwa kuwa misimu yote minane inapatikana kwa urahisi, nimeitazama upya ili nipime kama manung'uniko yale yalikuwa ya haki. Asiyejua mwisho wa hadithi, na asiyetaka kuujua, aishie hapa.

Lawama kubwa ilihusu Daenerys, malkia aliyewakomboa watumwa kisha akauteketeza mji uliokwisha kusalimu amri. Wengi walidai kwamba hakuwa mtu wa kufanya hivyo. Mimi naona alikuwa. Katika msimu wa nne aliwasulubu mabwana wa watumwa wa mji wa Meereen, na katika msimu wa saba akamchoma bwana mmoja aliyeshindwa vitani, Randyll Tarly, pamoja na mwanawe kwa sababu tu walikataa kumpigia magoti. Mbegu ilipandwa mapema, ila haikupewa muda wa kukua. Katika kipindi cha nne cha msimu wa mwisho anampoteza joka wake na pia Missandei, mwandani wake. Katika cha tano kengele za kusalimu amri zinalia na anaanza kuchoma. Katika cha sita anauawa. Tunaoneshwa uso wake ukiwa umesawijika kwa majonzi, na Emilia Clarke anauigiza vizuri mno uso huo, lakini hatupewi nafasi ya kumsikiliza akijadiliana na nafsi yake.

Hesabu yenyewe inatosha kueleza. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na vipindi 10 kila mmoja, wa saba ukawa na 7, wa nane 6, jumla 73. Kituo cha televisheni cha HBO, kilichoirusha, kilikuwa tayari kuendelea zaidi ya hapo. Walioamua kufupisha ni waandaaji wenyewe, David Benioff na D. B. Weiss. Ni kweli kwamba riwaya za George R. R. Martin walizozitegemea ziliishia kwenye kitabu cha tano cha mwaka 2011, na kwamba si kazi nyepesi kuimaliza hadithi ambayo mwenyewe hajaimaliza. Hata hivyo, ugumu huo ulihitaji vipindi zaidi, si vichache.

Mfano unaoniuma kuliko wote ni wa mpiganaji Jaime Lannister. Katika msimu wa tatu anasafirishwa akiwa mfungwa na Brienne, mwanamke mpiganaji, kwa miguu, kipindi baada ya kipindi, wakitukanana, hadi pale anapokatwa mkono na baadaye, ndani ya maji ya hamamu ya ngome ya Harrenhal, anapomfichulia kwamba alimuua mfalme kichaa ili kuwaokoa wakazi wa mji mzima wasiunguzwe. Safari ile ndefu ndiyo iliyotufanya tumsamehe mtu tuliyemchukia tangu kipindi cha kwanza. Katika msimu wa nane anakuwa mpenzi wa Brienne na kumwacha akilia, yote ndani ya kipindi kimoja, na katika kinachofuata anamwambia ndugu yake kwamba hakuwahi kuwajali sana watu wasio na hatia. Huenda mtu akarudi kwenye ubaya wake wa zamani, na ingekuwa hadithi nzuri ya kuhuzunisha, lakini hapa aliyoyasema hamamuni yamefutwa kana kwamba aliyeandika hakuwahi kuyasikia.

Kuhusu kijana Bran Stark kutawazwa mwishoni sina mengi: mhusika ambaye msimu wa tano wote hakuonekana hata mara moja anachaguliwa kuwa mfalme kwa hoja kwamba hakuna mwenye kisa bora kumshinda. Vita dhidi ya wafu, vilivyotishiwa tangu onyesho la kwanza kabisa, vinamalizika kwa usiku mmoja, tena wenye giza ambalo kwenye televisheni ya kawaida ya sebuleni humfanya mtu akague kama nyaya zimelegea.

Zaidi ya watu milioni moja walitia saini mtandaoni kutaka msimu huu uandikwe upya, na mwaka huohuo tamthilia ikatwaa tuzo 12 za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, ikiwemo ya tamthilia bora. Siungi mkono upande wowote. Matukio yangeweza kubaki yalivyo, yakapewa vipindi vinane au kumi vya kuyabeba.

Ushahidi umo ndani ya msimu wenyewe. Kipindi cha pili, usiku wa kuamkia vita, hakina mapigano kabisa: watu wameketi kando ya moto wakinywa na kuzungumza, na Jaime anamtawaza Brienne kuwa shujaa wa upanga. Hata baada ya kuitazama upya misimu yote, kipindi hicho nimekirudia tena, jambo nisiloweza kusema kuhusu vingine vya msimu huu. Kwa sababu yake, na kwa muziki wa Ramin Djawadi, naupa msimu huu nyota mbili na nusu kati ya tano. Visingekuwepo, ningetoa moja.